Pii, Pii

Ghorofani Langoni, juu ya duka la mshona kanzu,
nimekaa na kompaila tangu alasiri.
Kibetri cha akiba kinalia pii, pii,
na umeme upo. Nimekizoea, sikisikii tena.

Ujumbe wa Mwanapwani, zahanati ya Matondoni:
"Shebwana, niliandika dozi ya mtoto, 0.125,
mashine ikanionya: namba hii si kamili.
Nikaweka 0.1. Ikanyamaza.
Je, hapo ndipo nilipopatia?"

Hapana, dada. Hapo ndipo tulipokukosesha.

Mama alipima kunde kwa kopo lililobonyea ukingo:
"Zibaba ziwili, kisaga. Zisaga ziwili, pishi."
Na nusu kibaba, na nusu ya hiyo nusu
kwa mwenye watoto wengi na senti chache.
Hakujua kompyuta nayo ndivyo ihesabuvyo:
inakata nusu, na nusu yake, basi.
Robo inaijua. Thumuni inaijua.
Sehemu ya kumi haina kopo lake;
inaikata, inaikata, haiishi,
mwisho inasawazisha kwa kiganja: imetosha.
Ijumlishe mara kumi,
haba na haba, na kibaba hakijai.
Kimepungua punje ambayo jicho halioni.

Nimeupata mstari wenye kosa.
Unahesabu tarakimu baada ya nukta:
tatu, mshuku; moja, mwache apite.
Unampima mtu kwa urefu wa jina lake.
Nani aliuandika? Mimi,
mwaka ule wa haraka.

Naufuta. Naandika upya:
igeuze namba iwe nusu na nusu, kisha irudishe;
ikirudi ileile, funga mdomo.
Ikirudi na tofauti, itaje tofauti,
usikohoe tu mlangoni ukaenda zako.

Neno la onyo ndilo lililonichelewesha.
Kwanza niliweka "imekaribishwa", nikacheka,
kana kwamba namba imeketishwa, ikamiminiwa kahawa.
Nikaweka: *imekadiriwa. Iliyohifadhiwa ni
0.1000000000000000055, na kuendelea.*
Ndefu. Mbaya machoni. Ya kweli.

Mwanapwani akajibu kabla ya isha:
"Thumuni imenyamaza. Ile nyingine ndiyo inalia.
Nimerudisha dozi ya mwanzo."

Nilikuwa bado nasoma
umeme ulipokatika, safari hii kweli.
Kibetri kikalia pii, pii,
sauti ileile ya mchana kutwa.
Sikuinua kichwa
mpaka kioo kilipozima.