Mende wa Ndani ya Gogo

Makumbusho, ghorofa ya chini, mlango usio na jina.
Ndani, kabati za chuma na harufu ya kafuri,
na mimi Mwikali, na kibano changu na brashi,
napangusa vumbi miguuni mwa wafu.
Huko nje mzunguko wa Globe unapiga honi.

Jirani yangu wa Kariobangi haachi kuniuliza:
"Kweli serikali inakulipa utunze mende?"
Anacheka hadi anashika mbavu,
na usiku uleule namsikia akipuliza dawa nyuma ya jiko.
Simlaumu.
Wale wa kwetu ni wezi wa makombo;
taa ikiwaka, kila mmoja na roho yake.

Hawa wa droo ya kumi na saba ni wengine.
Walikuja kwa posta kutoka visiwa vya mbali,
ndani ya mkebe wa biskuti, kabla sijazaliwa.
Weusi wa sufuria ya githeri,
kifua kipana kama koleo,
miguu imejaa miiba ya kuchimbia.
Jiko hawalijui. Sukari hawaijui.
Dunia yao ni gogo lililoanguka likaloa likasahaulika:
ndilo ukuta, ndilo chakula, ndilo kaburi.

Bi Nanjala ndiye aliyenifundisha.
Alikuwa anabandika mguu uliovunjika, hakuinua macho:
"Dume na jike huingia wote wakiwa na mabawa.
Wakishafunga mlango kwa unga wa mbao
mmoja humpa mwenzake mgongo.
Huyu anamtafuna yule mabawa, taratibu,
kisha wanageuzana.
Hubaki vishina tu.
Nipe gundi."

Nikampa gundi.

Siku nyingine, akila chapati:
"Watoto wao huzaliwa hawana meno ya kuuma mti.
Baba na mama huwalisha mate, mdomo kwa mdomo.
Mzazi akifa mapema, nao hawamalizi wiki."
Na mchwa, akasema, hawa wanaotafuna mwimo wa mlango wako,
ni ukoo huohuo,
ni mende waliokataa kuachana
hata wakawa mji.

Nilikwenda nyumbani nikautazama mwimo.
Njia za udongo zimepanda hadi kwenye bawaba.
Sikuzibomoa jioni ile. Nilizibomoa Jumamosi.

Leo nina lenzi, na mwanga mzuri wa saa nne.
Naona alama za meno kwenye vishina,
ndogo, za kufuatana, kama mshono wa fundi asiye na haraka.
Nakumbuka mwaka ambao Muthengi alipata viza ya Doha
akaitia chini ya godoro mpaka ikaisha muda.
Mimi nilikuwa na barua ya chuo, Maseno.
Niliifungia njugu nikamtumia mama.
Hatukuulizana.
Watu walisema tumerogana.

Safu ya mwisho, pembeni, yuko mmoja
mwenye mabawa mazima, ya rangi ya chai ya rangi.
Lebo yake, kwa wino uliofifia: *alinaswa kwenye taa.*
Basi.
Alikuwa anakwenda kwa nani, haikuandikwa.
Nimempangusa zaidi ya wenzake. Sijui kwa nini.

Muthengi amerudi kutoka Gikomba usiku,
unga wa mkangazi umejaa kwenye nyusi na kola.
Anavua shati akinipa mgongo.
Naweka vidole kwenye makombe ya mabega yake,
pale, na pale.
"Unatafuta nini?"
"Unga wa mbao," namwambia.
"Simama hivyo hivyo. Bado haujaisha."