Ngazi Kumi na Tisa

Nilipiga simu Jumanne, kama kawaida yangu.
"Ukumbi una ngazi?"
"Kidogo tu, dada, wala usijali."
Ngazi za kidogo tu nazijua.
Nimekutana nazo Makole, nimekutana nazo Kizota,
na ile ya kanisani, moja, fupi kama kope,
iliyoniweka nje ibada nzima.

Jumamosi sikunywa maji tangu saa sita.
Hili halimo kwenye kadi ya mwaliko:
mlango wa choo una upana wa mtu asiye na kiti,
basi kiu ndiyo tiketi yangu ya pili.
Ya kwanza nililipa kwa simu, elfu hamsini,
bei ileile ya wenye magoti.

Bajaji ya Ndahani inanijua.
Kiti mwendo kikafungwa nyuma kwa mpira,
mimi ndani na kitenge cha sare,
vumbi la Nkuhungu likitupaka poda sote wawili.

Kumi na tisa.
Nilizihesabu kwa macho kabla ya kushuka.
Vigae vyeupe, vimeoshwa kwa sabuni,
zinapanda, zinakata kona, zinapotea
kule spika inakosema karibuni, karibuni nyote.

Vijana wanne wakaja mbio, mikono kila mahali.
"Tumbebe!" Mmoja ameshashika gurudumu.
Gurudumu, kijana wangu, kitu kinachozunguka!
Zamani ningewafundisha: wewe fremu, wewe nyuma.
Nilishapanda hivyo, nikafika juu
na kiatu kimoja, gauni limepanda mapajani,
watu wakapiga makofi
kama vile keki imeingia.
Leo nikasema hapana. Ahsanteni. Nakaa.

Nikakaa chini, kando ya jenereta.
Walionijua waliinama, wakanisalimia, wakapanda.
Wasionijua walipanda.
Mzee mmoja wa suti ya kijivu alisita,
akapapasa mfuko, akaniwekea pajani
noti ya elfu mbili, imekunjwa mara nne.
"Mungu atakuona, binti."
Nami nimevaa sare ya ukoo,
kucha rangi ya zabibu,
hereni za mama.

Nilicheka. Halafu sikucheka.

Juu, mshereheshaji akasema: tusimameni wote.
Dari ikanguruma kwa viti.
Nikajua Sechelela anaingia,
niliyemsuka tangu ana meno mawili,
anayeburuta kisigino kama shangazi yetu.
Nikamfuata kwa sikio, hatua kwa hatua,
juu ya utosi wangu.

Mama Mbeleje akatoka jikoni na soda ya baridi.
Nikaishika tu, nikaitazama ikitoka jasho.

Ndipo nikatoa futi kamba kwenye pochi
(wengine hubeba wanja),
nikamwomba mtoto wa mpishi ashike ncha ya juu.
Kila ngazi sentimita kumi na saba.
Mara kumi na tisa: mita tatu na ushee.
Mteremko wa haki kwa kimo hicho
ungetoka hapa, ungevuka barabara,
ungeishia ndani ya duka la saruji.
Mtoto akacheka mpaka akaiachia kamba.
"Na kile chumba?" akauliza.
Chumba gani?
Nyuma ya jenereta, mlango wa bati, giza,
makreti, viti vilivyovunjika, mapambo ya harusi za zamani,
kikubwa, sakafu yake sawa na barabara.
Tukaupima mlango wake: sentimita tisini.
Napita na mabega yangu yote.

Ile elfu mbili niliitia kwenye bahasha ya Sechelela,
nikaandika: kutoka kwa mzee asiyenijua.
Mwenye ukumbi nimemwachia karatasi
yenye neno moja, tisini, na namba yangu ya simu.
Jumapili kuna kikao cha harusi ya Lechipya.
Nimeomba kamati ya ukumbi.
Wameshangaa, walishaniandika mapambo.

Soda nilikwenda nayo.
Nikainywa nyumbani, imeshapata moto,
yote, kwa mkupuo mmoja.