Sufi ya Mei

Mei huingia Srinagar kupitia dirisha lililosahauliwa.
Mipopla ya kando ya Jhelum inapasua vifuko vyake
na sufi inashuka juu ya mtaa wa Zadibal,
theluji iliyokosea mwezi.

Mama anaziba nyufa kwa matambara,
analowesha sakafu, anafunga ushungi hadi kwenye nyusi,
anamfukuza paka,
ingawa brashi zote za Baba zimetoka mkiani mwake.
Leo ni siku ya vanishi.

Kisanduku hiki kilianza kikiwa taka:
magazeti, risiti za duka la dawa,
na madaftari yangu ya hesabu ya darasa la sita,
jumla zisizolingana, wino mwekundu wa mwalimu Parvina
ukikata kurasa kama makucha.
Mama aliyaloweka siku tisa, akayatwanga kinuni
mpaka tarakimu zikasahau zilichokuwa zikibishania.
Akatia gundi ya uji wa mchele.
Akabandika tabaka juu ya tabaka kwenye kalibu ya mti,
akapasua, akaunga, akasugua kwa kigae cha tofali
siku nzima, siku ya pili, siku ya tatu asubuhi.
Ukiona kinang'aa, husema, kimesuguliwa.

Kisha Baba akachora mdiria kati ya maua ya lozi,
samaki mdogo mdomoni.
Baba akichora, hata kikohozi hukiahirisha.

Vanishi haina rangi. Ina tabia.
Ukiiharakisha, hutoa mapovu.
Ukiirudia kabla haijakauka, hukunja uso.
Mkono wa kwanza karatasi huunywa wote, wala haishukuru.
Mkono wa pili huanza kusikiliza.
Wa tatu, rangi zinaamka: buluu inazidi kuwa buluu,
kama kokoto uliyoiokota mtoni ingali mbichi.
Wa nne, dirisha linajiona humo.
Hapo hutakiwi hata kupumua kwa nguvu,
kwa maana mng'ao haufichi kitu.
Watu wanadhani unaficha.
Kila mkwaruzo unaupigia mbiu.

Na mimi nikafungua mlango.

Nilikuwa na habari: nimefaulu hesabu.
Sitini na moja kwa mia. Nilizitangaza kabla ya kuvua viatu.
Nyuma yangu ikaingia chembe moja ya sufi,
bila haraka, kama mgeni anayejua pa kukaa,
ikatua juu ya bawa la mdiria, kwenye mkono wa tano,
ikazama nusu.

Mama alishika sindano. Akaishika muda mrefu.
Ukiing'oa, unaacha shimo. Ukiiacha, Bwana Kanth wa dukani
atainua kifuniko kwenye mwanga na kuvuta midomo.
Baba akasogea, akainama, miwani ncha ya pua:
"Kwani mdiria hadondoshi unyoya?"
Mama hakucheka. Alirudisha sindano kwenye mkebe,
akaniuliza, "Sitini na ngapi?"

Siku nne baadaye alipitisha mkono wa sita juu yake.
Bwana Kanth alikata rupia arobaini.

Waliosema si vyote ving'aavyo ni dhahabu
hawakumaliza sentensi.
Mahali fulani, mbali, mtu anaweka hereni zake humo kila usiku.
Akikigonga kwa ukucha, atadhani ni mti.
Ni daftari langu, bibi. Ukurasa wa kumi na nne,
saba mara nane, nimeandika hamsini na nne.
Limepigwa mikono sita.
Hakuna atakayelisahihisha tena.