Themanini na Saba

Akonkwa, mpwa wangu, aliniwekea vitabu kwenye simu.
"Mjomba," akasema, "vimo elfu kumi na zaidi humo ndani,
unalipa kwa mwezi tu, kama maji."
Nikamwuliza: maji gani, ya bomba la Kadutu?
Akacheka. Mwezi wa kwanza ni bure, akasema,
bure kama kiatu cha kushoto.

Niseme kweli, nilifurahi.
Umeme ukikatika kuanzia Nyawera hadi huku kwetu
nilikuwa na taa na kitabu ndani ya kiganja kimoja,
herufi nazikuza hadi macho yaridhike,
na hakuna wa kuniambia toka, tunafunga.
Ila betri ilikuwa ikisoma pamoja nami:
kumi na nane, kumi na moja, nne,
kisha giza, katikati ya harusi,
na bibi-arusi hajafika.

Kwa Ntakwinja ni vingine.
Maktaba yake ni chumba kimoja nyuma ya parokia,
bati linavuja, beseni tatu sakafuni.
Unapanda ngazi za udongo, mia na ngapi sijui;
siku ya mvua unapanda mbili, unateleza moja.
Unafika, kitabu hakipo. Kimekwenda Panzi
na mwalimu mmoja, tangu mahindi yalipokuwa maua.
Subiri, anasema.
Nimewahi kusubiri watu ambao hawakurudi.
Kitabu ni nini?

Kiliporudi kilinuka sambaza.
Doa la chai kwenye ukurasa wa mazishi,
na pembeni mtu ameandika kwa biki: Mwongo huyu!
Nikamjibu kwa penseli: Ngoja uone.
Kwenye simu sina wa kubishana naye.
Halafu themanini na sita, nageuza,
tisini na moja.
Karatasi mbili zimechanwa. Labda za kufungia karanga,
labda kuna mtu alihitaji maneno yale kuliko mimi.
Watu wana shida zao.

Nikakaa kibandani na hesabu, kiatu cha polisi mapajani.
Mwezi wa pili si bure. Bei yake ni soli mbili na kisigino,
na siku usipolipa vyote elfu kumi vinaondoka
bila kuacha hata alama ya vumbi rafuni.
Kwa Ntakwinja faini ni franka mia mbili kwa siku,
lakini deni lake lina uso,
linakusalimia sokoni, linauliza watoto hawajambo.

Usiku wa mwisho wa bure nikakitafuta kitabu kilekile kwenye simu.
Kipo. Kizima.
Themanini na saba inang'aa kama jino jipya.
Nikachukua kaye ya shule na biki.
Mkono wa kushona ngozi si mkono wa kuandika,
mistari yangu inapinda kama njia ya kwenda ziwani.
Betri tisa: mama anamfungulia askari mlango.
Betri sita: askari anaomba maji.
Betri tatu: anayashika, hanywi.
Hapo nikaacha kuelewa, nikawa naokota maneno tu,
kama mtu aliyevamia shamba na anasikia mbwa.
Neno la mwisho la ukurasa wa tisini niliandika gizani.

Asubuhi nikazibandika kwa gundi ya viatu,
ile isiyoachia hata kwenye matope ya Essence.

Ntakwinja akakipokea, akakipima mkononi.
Akafungua pale kilipovimba.
Akasoma kurasa zote nne akiwa amesimama,
midomo ikitembea,
matone yakiita kwenye beseni nyuma yake.
"Miaka yote hii," akasema,
"sikujua kwamba askari hakunywa."
Kisha akavuta daftari, akalamba kidole, akatafuta jina langu.
"Umechelewa siku tatu, fundi. Mia sita."

Nikalipa.