Kokoto Mfukoni

Binti wa duka la dawa pale Ngala
amevaa koti jeupe linalomzidi mabega.
Alinionyesha chingamu ya dawa,
yenye nikotini kiasi cha kuidanganya damu.
Nikauliza bei. Akaitaja polepole
kama mtu anayempa mwenzake habari ya msiba.
Mshahara wa siku nne, kwa pakiti isiyomaliza juma.

Na hata ningelipa, haya meno ya juu si yangu,
hunasa hata kwenye muhogo.
"Basi ipo plasta, unabandika begani."
Kisha akaona vidonge vyangu vya presha,
akairudisha rafuni. "Hii, umuone daktari kwanza."
Daktari naye ana bei yake.
Nikanunua mabuyu ya shilingi kumi, nikaenda zangu kazini.

Mimi ni Jefwa, bawabu wa Kasuarina,
miaka kumi na tisa nalinda usingizi wa watu wasiokuwepo.
Wenye nyumba huja Disemba, Machi wameshaondoka.
Sigara ilikuwa saa yangu:
moja saa nne, moja saa sita,
moja mbwa wa jirani akianza, moja akinyamaza.
Sikumwahidi Dama kitu.
Ahadi nimeshazivuta zote, mpaka kichungi.

Niliamua tu kwamba kila usiku mkavu
nitaokota kokoto moja kwenye njia ya bustani,
niitie mfuko wa kushoto, palipokuwa pakiti.

Usiku wa kwanza mkono ulienda mfukoni peke yake,
kama punda ajuaye njia ya kwao.
Usiku wa tatu niligombana na komeo,
nikalifungua, nikalifunga, nikalitukania mama yake.
Usiku wa tano nililia. Bomba la bustani lilikuwa linavuja,
hakuna zaidi, bomba linavuja, nami nalia.

Bibi yangu alikuwa na kijaluba cha tumbaku na popoo.
Akikiita uraibu, na neno lilikuwa la heshima,
kitu cha kumsogezea mgeni kabla hujamuuliza habari.
Leo neno lile lile liko ukutani zahanati
chini ya picha ya mapafu meusi.
Sijui ni nani kati yao aliyekosea.

Usiku wa kumi na mbili niliomba ruhusa,
matanga ya shemeji Ngowa, Muyeye.
Gizani mtu akaninyoshea pakiti bila neno,
kama anavyonyosha mkono wa pole.
Nikavuta.
Ilikuwa kama kurudi nyumba uliyokwisha kuhama
ukakuta mlango wazi, na kiti chako hakijakaliwa.

Asubuhi nilitoka uani kuzimwaga zote kumi na moja.
Dama alikuwa anachambua mchicha, hakuinua uso.
"Mwizi akiruka ukuta usiku mmoja,
utasema hukuwahi kulinda?"

Nikatafuta kokoto nyeusi.
Nikaichanganya na wenzake.

Sasa suruali inavutwa upande mmoja, nimeongeza tundu kwenye mshipi.
Jana, saa tisa ya usiku, upepo uligeuka
nikanusa mwani unaooza, na mtaro wa jirani,
na mavi ya popo juu ya vigae,
na chini ya yote, mbali sana,
mafuta ya mtu anayechoma mahamri.
Kumbe hapa pananuka!
Miaka kumi na tisa, na hakuna aliyeniambia.
Nikacheka mwenyewe, mbwa wa jirani akaanza.

Mkono ukaenda mfukoni, kama desturi yake.
Ukakuta mawe.
Ukakaa nayo.