Kisanduku chenye Nyota Nyekundu

Saa saba usiku, Gldani, ghorofa ya tisa.
Baba kalala chumba cha pili, nyonga yake imevunjika,
nami, Tsiala, mfamasia, miaka arobaini na mmoja,
najibu maswali ya nchi nisiyoijua harufu yake.

Jina kama lilivyo kwenye pasipoti.
Hii ni ndoa yako ya ngapi?
Ya pili.
Fomu haikuguna.
Wanawake wa jengo hili wote waliguna.

Cheti cha ndoa, na tafsiri yake yenye muhuri:
mtafsiri aliniongezea herufi jinani
na kuiondoa nikalipa lari arobaini.

*Eleza kwa ufupi mlivyokutana.*
Herufi mia tano, nafasi zikihesabiwa.
Naandika: alikuja kuuza nyumba ya marehemu shangazi yake.
Lifti yetu haipandi bila sarafu.
Yeye miaka ishirini ng'ambo, kasahau,
kasimama na masanduku matupu akibonyeza, akibonyeza.
Nikatumbukiza tetri ishirini.
Tukapanda bila kusemezana mpaka ya sita,
hapo akauliza deni langu atalilipaje.
Nimebakiwa na herufi kumi na moja.
Naandika: *Hajalipa.*
Nafuta. Watu wa viza huenda hawana utani.
Narudisha.

Halafu hiki.
*Tarehe utakayowasili.*
Kina nyota nyekundu pembeni,
yaani hapa hupiti hivi hivi.

Naandika: labda Machi.
Kinawaka.
Naandika: Baba akiweza kusimama.
Kinaniambia, tumia tarakimu.

Mashine inaijua *nitafika*.
*Nikifika* haijaisikia,
*ningefika* ndiyo kabisa,
na maisha yangu yote mwaka huu
yamekaa kwenye hizo silabi mbili,
ki na nge,
kama mtu aliyekalia kingo za viti viwili.

Daktari Revaz kasema chuma cha nyonga kitaletwa baada ya sikukuu.
Sikukuu ipi, hakusema,
na sisi huku mwaka mpya tunao mara mbili.
Gocha naye anaendesha gari la kusukuma theluji Winnipeg.
Haachiwi mpaka theluji iishe,
na theluji ya huko, asema,
haijawahi kutia saini mkataba na mtu.

*Muda wako utakwisha baada ya dakika tano.*

Nampigia. Kwake ni jioni, nasikia injini inanguruma.
Weka yoyote, asema.
Yoyote si tarehe, Gocha.
Basi weka kumi na nne Mei.
Kwa nini hiyo?
Injini inazimwa.
Nimeshaiombea ruhusa, asema. Nije kukupokea.
Wamekupa?
Wamekataa. Nitaomba tena Jumatatu.

Dakika mbili.
Kutoka chumba cha pili Baba anakohoa
kile kikohozi chake cha kutaka kuulizwa kitu.
Unaongea na nani?
Na serikali, Baba.
Usiku huu?
Hailali.
Kimya. Kitanda kinalia.
Waambie nitasimama, asema. Waambie Aprili.
Halafu, kwa sauti ya chini, kama anayepunguza bei sokoni:
mwisho wa Aprili.

Moja, nne. Sifuri, tano.
Nyota nyekundu imetoweka, bila shukrani.
Nimeapa, kwa kubofya, kwamba yote niliyoyasema ni kweli.
Niliyoyasema, ndiyo.
Tarehe ile sikuisema. Nimeiomba.

*Imepokelewa. Tafadhali usinunue tiketi.*

Asubuhi nashuka kwa ngazi kununua mkate,
maana kushuka ni bure kwa mwenye magoti.
Kurudi, mlangoni mwa lifti,
nina tetri ishirini ya kupandia
na nyingine, ambayo siitumii,
naitia mfuko wa ndani wa koti la safari,
zipu naifunga.
Koti bado limening'inia kwenye msumari.
Lina vumbi kidogo mabegani.
Silipangusi.