Sampuli ya Arobaini na Moja

Ukingoni mwa Wembere, mwezi wa tisa,
udongo mweusi umepasuka hata kwato ya mbuzi inazama,
na chumvi imetanda kama unga uliomwagwa
na mtu asiyetaka kuulizwa.

Nilitumwa kutafuta mgunga.
Mkono ukanaswa na miiba, na nilipojinasua
kwenye kifungo cha shati ukabaki uzi wa kijani,
uzi unaotoa maziwa.

Shina: jembamba kuliko kamba ya kiatu.
Hupanda likizungukia kushoto, daima kushoto.
Nililizungusha kulia kwa makusudi, nikalifunga kwa ukoka;
kesho yake limejifungua, limeshika njia yake
kama ng'ombe ajuaye zizi.

Majani: mawili mawili, yanatazamana,
membamba kama ulimi wa mjusi.
Jua likizidi huyaacha yaanguke, haliyalilii;
shina hubaki na ukijani wake, likala mwanga peke yake.

Ua: halifiki punje ya mahindi. Rangi ya mtindi,
na harufu, samahani, ya samaki wa juzi.
Nyuki wa mizinga ya Nkwimba hawaligusi.
Nzi ndio wageni wake.

Nkwimba aliicheka penseli yangu.
"Unaandika ya juu tu. Chimba."
Tukachimba ubavuni mwa kichuguu,
jembe likigonga kama mdai mlangoni,
hata shimo likamfika kiunoni:
kiazi!
Kikubwa kama kichwa cha ndama,
kizito kwa maji ya masika
ambayo sisi tulikwisha kuyasahau.

Kumbe ule uzi wote wa juu
ni kidole tu, kimetolewa dirishani
kupima kama mvua imekaribia.

Tawi nimelibana katika gazeti la mwaka juzi:
ua juu ya matokeo ya mpira,
maganda mawili, pembe za swala,
juu ya tangazo la mnada wa trekta.
Usiku, nyumba ya wageni, Igunga,
ganda moja likapasuka bila kuniamsha.
Mbegu nilizikuta alfajiri na sufi zao
zimening'inia kwenye chandarua,
zinatafuta tundu.

Nikajaza lebo: mahali, udongo, kimo.
Penye jina nimeacha wazi.

Kiazi sinacho.
Nkwimba alikirudisha shimoni jana ile ile,
akashindilia udongo kwa kisigino,
wala hakuniuliza kama nimemalizana nacho.